Denis Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyeona Jinja kile ambacho wengine walikipita

Mwaka 1957, daktari wa upasuaji kutoka Ireland alikuwa akiwapitia wagonjwa katika hospitali ya Jinja, mji ulio mahali Mto Nile unapoanza safari yake kutoka Ziwa Victoria. Akiwa ndani ya wodi alitazama nje kupitia dirishani. Kwenye majani palikuwa na mtoto mwenye uso uliovimba, mama yake akiwa kando yake. Daktari aliacha kazi aliyokuwa nayo mkononi, akatoka nje kumwangalia.

Majuma machache kabla ya siku hiyo, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, alikuwa ameonyeshwa mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna ile ile. Mtoto mmoja ni ajabu ya kusimuliwa. Watoto wawili, katika miji miwili iliyotenganishwa na mwendo wa kilomita 80 hivi, ni jambo linalodai maelezo.

Daktari huyo aliitwa Denis Parsons Burkitt. Alikuwa na jicho moja tu. Hata hivyo, kile alichokitambua siku ile kilifungua mlango wa ugunduzi wa virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu, na kikawapa uhai watoto ambao kabla ya hapo walikuwa wakirudishwa nyumbani kufa.

Habari ya maisha yake inastahili kusimuliwa upya leo, wakati hospitali za Afrika Mashariki zinapambana na maambukizi ya mifupa yasiyosikia dawa. Burkitt hakutumia maisha yake kupambana na bakteria sugu. Swali alilolikabili, hata hivyo, ndilo linaloanza kabla ya dawa yoyote kutolewa: ni kitu gani hasa kilichomo ndani ya mfupa huu?

Uvimbe uliokataa kufanana na jipu

Aliyemwita Burkitt kumwona mtoto wa kwanza pale Mulago alikuwa Hugh Trowell, daktari bingwa wa magonjwa ya ndani aliyekuwa ameishi Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Mtoto alikuwa na umri wa miaka mitano hivi. Taya lake la juu na la chini yalikuwa yamevimba, upande wa kulia na wa kushoto, na meno yalikuwa yamelegea katika fizi.

Kwa daktari wa zama zile, wazo la kwanza mbele ya mtoto mwenye taya lililovimba lilikuwa maambukizi. Bakteria, hasa wale wanaoitwa stafilokoka, huweza kuingia katika mfupa kupitia jino bovu, jeraha au mkondo wa damu. Humo huzalisha usaha, hukata njia ya damu na kuua sehemu ya mfupa. Katika Uganda ugonjwa huo ulijulikana vyema wodini, na watoto ndio waliokuwa waathirika wakubwa.

Lakini maelezo hayo hayakutosha. Si kawaida kwa usaha kushambulia pembe zote nne za mataya kwa wakati mmoja. Saratani nayo, kwa jinsi ilivyoelezwa katika vitabu vya wakati ule, haikuwa na tabia ya kuota mahali panne kwa mpigo katika kinywa cha mtoto mdogo. Burkitt alimpiga picha mtoto yule, kama ilivyokuwa desturi yake ya kutembea na kamera, akabaki na fumbo lisilo na jina.

Ndipo ikaja siku ya Jinja. Baada ya kumkagua mtoto wa pili na kukuta mataya yake yamevimba katika mpangilio ule ule, Burkitt alijua kwamba hakuwa mbele ya ajali ya maumbile. Alikuwa mbele ya ugonjwa.

Mwana wa mhandisi aliyehesabu ndege

Denis Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 karibu na Enniskillen, katika jimbo la Fermanagh, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa jimbo aliyesimamia barabara na madaraja. Nje ya kazi hiyo alikuwa mtazamaji wa ndege. Aliwavisha ndege wadogo pete miguuni ili kumtambua kila mmoja, kisha akachora ramani ya mahali kila ndege alipofanya makao yake. Wataalamu wa ndege humhesabu miongoni mwa watangulizi wa njia hiyo.

Mwana alirithi tabia ya kuuliza mahali. Kabla ya hapo, hata hivyo, alipatwa na msiba. Akiwa na umri wa miaka 11, katika ugomvi wa watoto wa shule, jiwe lilimpiga usoni na kuvunja miwani yake. Jicho la kulia liliharibika na hatimaye likaondolewa.

Mwaka 1929 alijiunga na Trinity College mjini Dublin kusomea uhandisi kama baba yake. Hakukaa sana katika fani hiyo. Imani yake ya Kikristo, ambayo ilimwongoza mpaka mwisho wa maisha yake, ilimwelekeza kwenye udaktari. Alihitimu mwaka 1935, na mwaka 1938 akapata sifa ya daktari wa upasuaji mjini Edinburgh.

Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Uingereza, ombi lake lilikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Vita Kuu ya Pili ndivyo vilivyomfikisha Afrika: aliingia katika kikosi cha matabibu wa jeshi la Uingereza mwaka 1941, akahudumu Kenya, Somalia na Ceylon, nchi ambayo leo ni Sri Lanka. Mwaka 1943 alimwoa Olive Rogers, na baadaye wakajaliwa mabinti watatu. Vita vilipokwisha aliomba tena, na safari hii akakubaliwa. Mwaka 1946 alipelekwa Uganda.

Ramani ya kwanza, Lira

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, wilaya ya Lango, kaskazini mwa Uganda. Huko alikuwa daktari wa kila jambo: mifupa iliyovunjika, uzazi wenye matatizo, ngiri na vidonda. Katika kazi hiyo aligundua kwamba wanaume wenye mabusha walikuwa wengi katika upande mmoja wa wilaya na wachache sana katika upande mwingine. Alifuatilia tofauti hiyo, akaihusisha na minyoo ya matende inayoenezwa na mbu, na mwaka 1951 matokeo yake yakachapishwa katika jarida la kitabibu la Lancet.

Kazi hiyo haikumpa umaarufu. Ilimpa mazoea. Alijifunza kwamba ugonjwa una makao, na kwamba anayejua makao yake amekaribia kujua chanzo chake. Ilikuwa njia ya baba yake, isipokuwa kwamba mahali pa ndege sasa palikuwa na wagonjwa.

Mwaka 1948 alihamishiwa Mulago, hospitali kuu ya nchi na mahali pa kufundishia wanafunzi wa udaktari wa Makerere. Alikuwa huko, akiwa daktari wa upasuaji mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka kumi nchini, alipoitwa na Trowell mwaka 1957.

Majibu yalikuwa kabatini

Aliporudi kutoka Jinja, Burkitt alifungua mafaili ya wagonjwa wa Mulago pamoja na kumbukumbu za uchunguzi wa maiti. Aligundua kwamba watoto wenye uvimbe wa taya hawakuwa wachache. Jambo kubwa zaidi lilikuwa kwamba wengi wao walikuwa na uvimbe pia katika figo, ini, ovari au tezi zilizo juu ya figo. Madaktari wa macho, wa meno, wa tumbo na wa mifupa, kila mmoja alikuwa amemwona mgonjwa wake na kuupa uvimbe huo jina la fani yake. Hakuna aliyekuwa ameyaunganisha.

Hata kumbukumbu za zamani zaidi zilikuwa na ushahidi. Katika hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa na mmisionari Albert Cook mwaka 1897, maelezo ya wagonjwa yaliyoandikwa mwanzoni mwa karne ya 20 yalikuwa na watoto wenye mataya ya namna hiyo. Ugonjwa haukuwa mpya. Wazazi wa Busoga, Buganda, Lango na West Nile walikuwa wakiujua kwa macho na kwa msiba muda mrefu kabla ya vitabu kuujua.

Mwaka 1958 Burkitt alichapisha makala katika jarida la upasuaji la Uingereza, akieleza habari za watoto 38. Makala hayo hayakuzua msisimko. Wataalamu wa patholojia waliokuwa Kampala ndio walioipeleka kazi hiyo hatua ya pili. Jack Davies na Gregory O'Conor, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi Mulago, walichunguza vipande vya uvimbe chini ya darubini na kuonyesha kwamba ule haukuwa ugonjwa wa mfupa wenyewe. Ilikuwa limfoma, yaani saratani ya chembechembe nyeupe za damu zinazopaswa kuulinda mwili. Baadaye Dennis Wright, naye wa Mulago, alieleza kwa kina sura yake chini ya darubini.

Hapo ndipo fumbo la mataya manne lilipofumbuliwa. Uvimbe haukuanzia katika jino wala katika fupa la taya na kusambaa. Ulikuwa ugonjwa wa mwili mzima uliochagua kujitokeza mahali ambapo mama angeuona kwanza.

Kilomita 16,000 kwa gari kuukuu

Burkitt sasa aliuliza swali la baba yake: ni wapi? Kwa fedha kidogo za utafiti alizopewa, alichapisha vipeperushi zaidi ya elfu moja vyenye picha za watoto wagonjwa, akavituma katika hospitali za serikali na za misheni barani Afrika. Ombi lilikuwa jepesi: je, umewahi kumwona mtoto wa namna hii?

Majibu yalipofika, alichoma pini katika ramani iliyotundikwa ukutani. Pini zilijipanga kama mshipi uliozunguka katikati ya Afrika, pande zote mbili za ikweta, ukiwa na mkia ulioteremka kusini kando ya pwani ya mashariki. Ili kujua mwisho wa mkia huo, ilimbidi asafiri.

Mwezi Oktoba 1961 aliondoka Kampala na marafiki wawili: Ted Williams, daktari mmisionari wa hospitali ya Kuluva huko West Nile, ambaye pia alikuwa fundi mzuri wa magari, na Clifford Nelson, daktari kutoka Canada. Walikuwa na gari la Ford lililokwishatumika, lililonunuliwa kwa pauni 250. Kwa muda wa majuma kumi walipita Kenya, Tanganyika na nchi za kusini hadi Afrika Kusini, wakitembelea hospitali zaidi ya 50 na kumaliza kilomita zipatazo 16,000.

Matokeo yalikuwa ya kushangaza kwa wepesi wake. Karibu na ikweta, ugonjwa ulikoma katika nyanda za juu kupita mita 1,500 hivi. Kadiri walivyokwenda kusini, ndivyo kikomo hicho kilivyoshuka. Alexander Haddow, mkuu wa taasisi ya utafiti wa virusi huko Entebbe, alilitambua jambo lililojificha: kikomo hakikuwa mwinuko bali joto. Ugonjwa ulikuwepo mahali penye joto na mvua ya kutosha, na ulipungua penye baridi au ukame.

Mashariki mwa Uganda pangetosha kuwa kielelezo cha kanuni hiyo. Mji wa Mbale, unaopitiwa na mto Nabuyonga, upo chini ya kikomo hicho, na Jinja vilevile. Miteremko ya juu ya Mlima Elgon, inayoonekana kutoka Mbale penyewe, ipo juu yake. Masafa ya saa chache kwa miguu yaliweza kumtoa mtu katika nchi ya ugonjwa na kumwingiza katika nchi isiyo na ugonjwa. Mstari huo ulikuwa pia mpaka wa mbu na wa malaria.

Vifurushi kutoka Kampala hadi London

Tarehe 22 Machi 1961, miezi kadhaa kabla ya safari hiyo, Burkitt alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex jijini London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwemo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi vinavyosababisha saratani kwa kuku. Aliposikia juu ya saratani inayofuata joto na mvua, alishawishika kwamba kuna kiumbe hai nyuma yake.

Watu hao wawili walikubaliana. Vipande vya uvimbe vilivyotolewa kwa wagonjwa Kampala vilipelekwa London kwa ndege. Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein hakuona kitu. Mwishoni mwa mwaka 1963 ndege moja iliyobeba sampuli ilizuiwa na ukungu na kulazimika kutua Manchester. Sampuli ilipofika maabara maji yake yalikuwa yamechafuka, na ingekuwa rahisi kuitupa kwa kudhani kwamba imeingiliwa na bakteria. Ilipochunguzwa, ilionekana kwamba kilichochafua maji ni chembe hai za uvimbe zilizokuwa zikielea na kukua.

Kutokana na chembe hizo, Epstein na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong waliona virusi vipya kwa darubini ya elektroni, wakatangaza matokeo yao mwezi Machi 1964. Virusi hivyo vinaitwa Epstein-Barr. Baadaye ilifahamika kwamba watu wazima walio wengi duniani wanavyo bila kuugua saratani. Katika nchi za joto, malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara hudhoofisha ulinzi wa mwili wake na kuvipa virusi nafasi. Ramani ya Burkitt ilikuwa imeuonyesha mpaka huo kabla ya maabara kuueleza.

Kisu kiliposhindwa

Yote hayo yasingemsaidia mtoto wa Jinja kama pasingekuwa na tiba. Burkitt alikuwa mtu wa kisu, naye ndiye aliyekiri mapema kwamba kisu hakikufaa. Kuondoa taya kulimwacha mtoto na uso ulioharibika, na uvimbe ulirudi. Mashine za tiba ya mionzi hazikuwepo Uganda. Watoto wengi walifariki ndani ya miezi michache.

Kilichobaki kilikuwa dawa za tibakemikali, ambazo wakati ule zilikuwa changa hata Ulaya na Marekani. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa wataalamu wa Marekani akiwemo Joseph Burchenal, na kwa kuwaomba watengenezaji, Burkitt alipata dawa kama methotrexate, cyclophosphamide na vincristine. Matokeo yaliwashangaza hata waliozituma. Uvimbe uliokuwa umeziba jicho au kinywa ulinywea ndani ya siku chache. Baadhi ya watoto waliopewa dozi moja au mbili tu walirudi shuleni na kukua.

Si wote waliobahatika. Kwa baadhi yao saratani ilirudi, na iliporudi upesi mara nyingi ilikuwa haiisikii tena dawa iliyoishinda mara ya kwanza. Madaktari wa Kampala walijifunza kwa uchungu jambo ambalo wenzao wa kifua kikuu walikuwa wamelijua: adui anayepigwa kwa silaha moja, kisha akaachwa nusu hai, hurudi akiwa ameizoea silaha hiyo. Njia iliyobaki ilikuwa kuunganisha dawa kadhaa na kumfuatilia mgonjwa hadi kijijini kwake.

Mwaka 1967, kwa ushirikiano na taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani, kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Mulago chini ya John Ziegler. Kituo hicho ndicho kilichokua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Wageni walipoondoka wakati wa utawala wa Idi Amin, Mganda Charles Olweny aliishika taasisi hiyo na kuifanya iendelee kutibu na kutafiti katika miaka ambayo vitu vingi nchini vilisimama.

Kutoka mataya hadi mezani

Burkitt mwenyewe alikuwa amekwishaondoka. Mwaka 1966 alirejea Uingereza na kufanya kazi chini ya baraza la utafiti wa tiba la nchi hiyo. Huko alianza kazi iliyomfanya ajulikane hata kwa watu wasiosoma tiba. Akishirikiana na rafiki yake wa zamani Trowell, alidai kwamba maradhi mengi ya utumbo ya nchi tajiri, ambayo yeye aliyaona kwa nadra sana Uganda, yanatokana na chakula kilichonyang'anywa nyuzinyuzi. Kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya nyuzinyuzi katika mlo kilisomwa na watu wengi katika nchi nyingi.

Baadhi ya madai yake ya wakati huo yamethibitishwa, mengine yamepunguzwa na utafiti uliofuata. Njia yake haikubadilika: aliwaandikia madaktari wa hospitali ndogo na kuwauliza wanachokiona.

Heshima zilimfuata. Mwaka 1972 aliteuliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London, na mwaka huo huo alikuwa miongoni mwa madaktari waliopewa tuzo ya Lasker ya Marekani kwa kazi ya kutibu saratani kwa dawa. Alifariki dunia tarehe 23 Machi 1993 nchini Uingereza, akiwa na umri wa miaka 82. Ugonjwa aliouona kupitia dirisha la Jinja unaitwa kwa jina lake duniani kote: limfoma ya Burkitt.

Jina hilo lina sehemu ya ukweli tu. Nyuma yake wapo wauguzi na matabibu wa Uganda waliotafsiri, waliobeba na kufuatilia wagonjwa, na wapo akina mama waliotembea na watoto wao hadi hospitali wakati ambapo hospitali haikuwa na cha kuwapa. Historia imeandika majina ya madaktari. Imeandika machache mno kuhusu hao wengine.

Mfupa uliovimba leo

Mwaka 1961, mwaka ule ule wa safari ya Burkitt kuelekea kusini, habari nyingine ilitangazwa Uingereza bila kelele nyingi. Stafilokoka walioweza kuihimili methicillin walikuwa wamepatikana hospitalini, kiasi cha miaka miwili tu tangu dawa hiyo iingie katika matumizi. Dawa hiyo ilikuwa imetengenezwa mahsusi kuwashinda bakteria waliokwisha kuizoea penisilini. Leo bakteria wa aina hiyo wapo katika hospitali za dunia nzima, Uganda ikiwemo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba vifo milioni 1.27 vya mwaka 2019 vilisababishwa moja kwa moja na bakteria sugu. Uganda ilizindua mpango wake wa kitaifa dhidi ya usugu wa dawa mwaka 2018.

Katika mfupa, usugu una ukatili wa pekee. Kipande cha mfupa kilichokufa hakipati damu, na mahali pasipofika damu, dawa nayo haifiki. Bakteria hujifunika kwa utando na kukaa humo kwa miezi, hata miaka. Ndiyo sababu vidonge peke yake mara nyingi havitoshi. Daktari wa upasuaji hulazimika kukiondoa kipande kilichokufa, kuchukua sampuli kutoka ndani ya mfupa, kuipeleka maabara ili ijulikane ni bakteria gani na ni dawa gani inayomwangusha, kisha kutoa dawa hiyo kwa majuma mengi.

Hatua ya sampuli ndiyo inayorukwa kwa urahisi zaidi. Maabara iko mbali au inagharimu, na duka la dawa liko jirani. Mtoto mwenye mguu au taya lililovimba hupewa antibiotiki ya kwanza, kisha ya pili, kisha iliyo kali zaidi. Kama tatizo ni bakteria sugu, kila dozi isiyofaa humzidishia adui uzoefu. Kama tatizo ni limfoma, kila juma linalopotea humnyima mtoto tiba ambayo ingeweza kumponya. Katika mashariki mwa Uganda, ambako ugonjwa wa selimundu ni mwingi na watoto wenye selimundu hupata maambukizi ya mifupa kwa urahisi zaidi, kosa la kubahatisha lina gharama kubwa.

Burkitt alitumia nyenzo chache: kamera, ramani, pini, gari kuukuu na jicho moja. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kilichomtibu mtoto. Tiba ilikuja baada ya mtu kukubali kwamba hajui kilichomo ndani ya mfupa, na kukataa kuendelea kutibu jina la ugonjwa badala ya ugonjwa wenyewe. Hospitali ya Jinja bado inapokea watoto wenye nyuso zilizovimba, na mama zao bado huketi nje kwenye majani wakisubiri kuitwa.